Kura Moja ya Fundi

Gari lilinizimikia njiani, likavutwa hadi kwa fundi wa Harlow Bend, Nebraska, ambaye wateja humsalimu kwa kuinua kidole kimoja. Miaka ishirini sasa, mji huo huwapa Warepublikan kura zote isipokuwa moja, na hiyo moja, ya chama pinzani, ni yake. Akinywa kahawa peke yake husema yuko kwenye mkutano mkuu wa chama chake.

Alikuwa ameshafungua injini ya gari langu wakati Verna wa posta alipoingia na matokeo mapya ya uchaguzi.

“Hongera, mzee! Safari hii mko wawili!”

Spana ikamponyoka. “Nani huyo?”

“Kura ni siri. Si ufurahi?”

“Nifurahie nini? Nimewapinga nyote peke yangu, leo nigawane upinzani na mtu!”

Akafuta vidole kimoja kimoja, akavaa kofia.

“Unakwenda wapi, na gari la mgeni liko wazi?”

“Kuhama chama,” akajibu akitoka. “Hiki kimejaa.”