Maharagwe Yanayokataa Kuiva

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya duka letu la vyakula huku Brooklyn Park, Minnesota, baridi kali nje, nimeshika mikebe miwili ya maharagwe. Mbele yangu mama mmoja mwenye koti refu alimuuliza muuzaji, "Kati ya maharagwe yako yote, ni gani yanachelewa zaidi kuiva?"

Muuzaji alidhani amesikia vibaya. "Unataka ya haraka, mama? Kuna ya mkebe, ni kupasha tu."

"Hapana wewe, nataka ya kuchemka masaa manne!" Akamwonyesha vidole vinne ndani ya glavu. "Gesi ya kupikia iko ndani ya rent, silipii zaidi. Hita ya kupasha nyumba joto ni ya stima, na hiyo bili ni yangu. Mwezi uliopita ilikula nyama yote ya mbuzi, sisi tukabaki na sukuma wiki."

Foleni nzima ilicheka, na yeye akatushinda kwa kucheka. Muuzaji akainama, akavuta gunia lenye vumbi. "Haya ni ya mwaka juzi. Hakuna mtu anayataka."

Mama akauma punje moja, akashika shavu, akatabasamu. "Haya ndiyo! Leo hata sebule itashiba joto."

Kwetu tulikuwa tukiuliza maharagwe gani huiva upesi, maana makaa ni ghali. Huku Minnesota, maharagwe yenyewe ndiyo makaa.

Nilirudisha mikebe yangu rafuni, nikamuuliza muuzaji kama gunia limebaki na kitu.