Redio ya Jumamosi Ile

Shule niliacha darasa la tatu, na sijutii. Nilichonacho hapa Kirumba nimekipata kwa bisibisi. Mtu akiniambia, "Mzee, pengine umesahau," ananikera. Jina la mjukuu naweza kulisahau. Redio niliyoifungua, hapana.

Nikiwa kijana, Ijumaa moja mfanyabiashara wa samaki aliniletea redio yake. Alitaka mshale ubanwe kwenye stesheni ya nchi ya ng'ambo ya ziwa, usisogee hata kidogo.

"Kesho saa sita mchana iwe tayari, fundi. Ikipita hapo sina haja nayo."

Huyo taarifa ya habari alikuwa haisikilizi kabisa, aliiita kazi ya wavivu. Nikaubana mshale kwa uzi na gundi. Ndani ya kifuniko nikakwaruza tarehe na kazi niliyofanya, kama kawaida yangu.

Kesho yake akaja, akaiwasha, akakaa kwenye benchi langu akisikiliza. Alasiri ikatangazwa: waziri mmoja wa huko ameuawa. Barabara nzima ikawa, "Nani? Wapi?" Yeye hakuuliza kitu. Akazima redio, akaibeba, akaenda zake.

Miaka yote nasimulia kwamba yule alijua. Wananicheka. "Mzee anataka na yeye awemo!"

Mwezi uliopita akaja binti wa chuo kikuu, anaandika juu ya waliojua mapema kwamba waziri yule atauawa. Shikamoo, marahaba. Akanisikiliza, halafu akauliza kama nina maandishi yoyote. Maandishi! Nikamchukua, na bisibisi yangu mkononi, hadi Pasiansi kwa yule mfanyabiashara wa samaki.

Mwenye redio bado yu hai, mzee kama mimi. Redio iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Nikaifungua. Mkwaruzo wangu ulikuwepo, na tarehe ni ile ile, siku moja kabla ya kifo. Binti akaupiga picha mara tatu. Nikajiona mkubwa.

"Haya, mzee mwenzangu. Ulijua?"

"Nilijua robo," akasema. "Wateja wangu wa ng'ambo waliniambia nisikilize redio yao Jumamosi mchana, nikisikia jambo kubwa nisivushe mzigo. Jambo gani, hawakusema."

"Na wewe hukuuliza?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wee fundi wewe! Nilikwambia ikipita saa sita sina haja nayo. Uliniuliza kwa nini?"

Binti akakisogeza kinasa sauti chake upande wangu. "Kweli, mzee, hukumuuliza?"

Nimekuja shahidi, naulizwa mimi! Nikatafuta jibu, nikakuta ni lile la ujana wangu: Kirumba nzima hakuna fundi aliyeweza kuubana mshale ule kwa siku moja, na nilitaka wote waone.

"Mzee?"

"Andika," nikamwambia, huku narudisha skrubu. "Andika fundi alitaka sifa, hakuuliza."