Vipanga Niliowahesabu Kochini

Mie ni mtu wa ndani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba akinitafuta haulizi majirani, anainua mto wa kochi. Kwa hivyo shangazi aliponichagua mie nikamhesabie ndege, nyumba nzima ilicheka, na mie nilicheka kuliko wote.

Shangazi ni dada yake marehemu baba. Kazaliwa Unguja, kafika huku Ibra, Omani, bado msichana, akasomesha skuli mpaka akastaafu. Kila mwaka joto likivunjika, vipanga na tai hupita juu yetu wakikimbia baridi ya kaskazini, na wengi hushuka kunywa na kupumzika kwenye sadi, lile bwawa la nje ya mji ambalo ukuta wake wa serikali huzuia maji ya mvua. Shangazi alikuwa akenda kila siku baada ya sala ya alasiri, na kiti cha kukunja, darubini, chupa ya kahawa na tasbihi. Kipanga mmoja, punje moja. Yangeyange wa ukingoni aliwahesabu mwisho, maana hao, alisema, hawana haraka. Akirudi huandika kwenye daftari la skuli. Siku asiyokwenda huandika "Sikwenda." Hata siku aliyozikwa mumewe kaandika hivyo hivyo. Hajaacha mstari wazi, wala hajabahatisha.

Mwaka jana akaanguka chooni, akavunjika nyonga. Nikenda kumtazama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Miguu unayo wewe?"

"Ninayo, lakini haina mazoea."

"Itazoea. Nenda kanihesabie. Na uniangalie yule wangu wa bawa bovu."

Huyo tukimjua sote kwa kusimuliwa. Ni kipanga ambaye bawa lake la kushoto lilivunjika zamani likaunga vibaya, akiruka anayumba. Kila mwaka hurudi, hukaa kwenye mti mkavu uliosimama ukingoni, kimya, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

"Daktari anasema nitatembea," shangazi akasema. "Mie naona vigumu. Lakini yule akifika na bawa lile, nami nitainuka na nyonga hii."

Nilikwenda siku tatu. Siku ya kwanza nilisahau kofia. Ya pili nzi walinitambua. Ya tatu nilipiga chafya katikati ya kundi, tasbihi ikaniponyoka, nikakisia waliobaki. Siku ya nne tulikula wali wa nazi na samaki wa kukaanga aliyeletwa kutoka Sur, pwani, na mtu aliyekula hivyo halaumiwi akilala. Nilipoamka jua limeshazama. Nikachukua idadi ya jana, nikapunguza wawili ili ionekane kweli, nikampelekea daftari.

"Mashaallah," akasema. "Unanishangaza."

Nami nikajishangaza. Tangu hapo nikawa nahesabu kochini, kiyoyozi kikinipulizia miguu. Niliweka na tai wawili watatu kwa ajili ya pambo.

Lakini kila jioni aliniuliza, "Kaja?" Nami nilimwambia bado, nikijiona mkweli kwa hilo angalau. Siku ya kumi na moja aliuliza bila kuinua kichwa kwenye mto, na chakula chake kilikuwa pale pale mezani hakijaguswa. Nikasema, "Kaja, shangazi. Yuko kwenye mti wake."

Akamwita binti yake. "Lete gongo langu la kutembelea!" Akasimama, akenda mpaka mlangoni, akarudi, jasho linamtoka, anacheka. Akala sahani nzima. Mie sikula kwangu usiku ule, na mke wangu akaniuliza kama nina homa.

Wiki moja baadaye nikamkuta mkwewe, mume wa binti yake, amekaa na shangazi, analalamika. Jana, anasema, mvua ilinyesha milimani, wadi, lile bonde la mto mkavu, likateremsha maji tangu adhuhuri, yeye na gari lake wakakwama ng'ambo mpaka usiku. Mjini kwetu halikuanguka tone. Na ili ufike kwenye sadi lazima uvuke wadi hilo hilo.

Daftari lilikuwa mapajani mwa shangazi. Mstari wa jana ulisema: vipanga arubaini na mmoja.

"Jana ulivukaje?" akaniuliza.

Nikalitazama daftari.

"Uliogelea? Na tumbo hilo?"

Mkwewe akacheka, nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Yeye akatungoja tumalize. Kisha akanipa kalamu ya risasi.

"Andika."

"Niandike nini, shangazi?"

"Neno unalijua, na siku zake unazijua."

Nikakaa kwenye kibao kando ya kitanda chake, kama mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, nikaanza kukata namba zangu. Sikwenda. Sikwenda. Sikwenda. Mkwewe akaona bora akatazame gari. Nilipofika siku ya kumi na moja, mkono ukasita.

"Hata hiyo?"

"Hata hiyo, shangazi."

Akapitisha kidole juu ya mstari ule.

"Basi labda alikuja," akasema polepole. "Nani ajuaye? Hapakuwa na mtu."

Alasiri ile ile nilikwenda. Maji ya wadi yalikuwa yameshapungua, nikaliacha gari ukingoni nikavuka kwa miguu, viatu mkononi. Mti mkavu ulikuwa mtupu. Nilikaa chini yake mpaka darubini ikawa haioni kitu, kisha nikarudi, nikaandika mbele yake: vipanga saba, tai hakuna, wa bawa bovu sikumwona.

Shangazi akasoma, akaitazama suruali yangu iliyolowa mpaka magotini. Gongo lilikuwa limeegemea ukuta. Hakuliomba.