Mama Fiorenza na Glasi ya Juisi

Siku ile mtoto wa Mama Fiorenza alitaka nifungwe, mama mwenyewe, aliyekuwa bubu tangu Pasaka, akafungua mdomo.

Donc, naitwa Kampire. Naishi Black Rock, hapa Buffalo, Marekani. Kazi yangu ni kutunza wazee nyumbani kwao.

Huyu Mama Fiorenza ninayemtunza ni Mwitaliano. Ujanani aliigiza filamu, halafu akafungua kampuni ya manukato, akatajirika kweli. Bon, kiharusi kikampiga, maneno yakakatika. Akabaki kwenye kiti nyumbani kwake kule Amherst, nje kidogo ya Buffalo, anakutazama tu.

Na chakula anakataa. Anakaza meno kabisa!

Kwetu Mulenge, kule Kongo, ukimpa mgeni kinywaji unaonja kwanza, ajue hamna sumu. Nikajaribu. Nikaonja supu mbele yake, nikameza. Mama akakubali kijiko. Toka hapo, bila mimi kuonja, hali kitu.

Dada yangu Uwera wa Columbus akanigombeza kwenye simu. "We Kampire, una akili? Watasema unakula chakula cha mgonjwa!"

Na kweli. Jumamosi mchana Renzo, mtoto wa pekee wa mama, akaingia toka Louisville, akanikuta kijiko kiko mdomoni.

"Mwizi! Unamshindisha mama yangu njaa! Naita polisi!"

Nikawaza watoto wangu, nikalia. "Bosi, naomba, ni desturi yetu..."

"Nyamaza!" Akamgeukia mama yake, sauti tamu ghafla. "Mama, nimekuletea juisi yako."

Kila akija analeta juisi, anamnywesha mwenyewe, na mama analala hadi kesho yake. Mimi nilidhani ni uchovu.

Mama akaisukuma glasi. Akasema polepole, lakini wazi:

"Onja wewe kwanza."

Eeh Yesu wangu!

Renzo akacheka kidogo. "Mimi sina kiu, mama."

"Kampire ameonja supu. Wewe onja juisi."

Akairudisha glasi nyuma haraka hadi juisi ikamwagikia viatu vyake. Hakuonja.

Polisi walikuja kweli, ila mama ndiye aliyeniambia niwaite. Wakaipima juisi iliyobaki, ndani yake mlikuwa na dawa za usingizi. Renzo alitaka mama aonekane hana akili tena, kampuni ibaki kwake. Kumbe sauti ya mama ilikuwa imerudi kitambo, alikuwa anaigiza tu ili amchunguze Renzo; ndiyo maana hakuamini chakula kisichoonjwa.

Walipomtoa Renzo, nilidhani mama atafurahi. Akanishika mkono, akalia.

"Nilitamani aonje, Kampire. Nilitamani nione kwamba nimekosea."

Jamani, mgonjwa asiyesema anawaona wote. Mhudumie leo kwa namna ambayo hutaogopa kesho akiongea.