Linki tatu, na zote zinaenda kwa baba

Jamani, leo bosi amesoma kwa sauti nani anakaa sana chooni nyumbani kwetu.

Nipo kwenye majaribio ya kazi, ofisi ya kusambaza maji ya kunywa huku Mikocheni. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamuliwa kama nabaki.

Niliandika programu fupi fupi za kuchora grafu za mauzo, moja kwa kila eneo. Noti za kompyuta ninamoziandika ni maandishi matupu, hazibebi picha, kwa hiyo chini ya kila programu naweka linki ya kufungua faili la grafu yake.

Mama Neema, bosi wetu, akabonyeza linki ya Kinondoni mbele ya wote.

"Dakika za chooni," akasoma. "Baba anaongoza."



(Hiyo niliichora jana nyumbani, najaribu tu!)

Akabonyeza Kimara. Baba tena.

"Na Temeke nako?"

"Mama, naomba usifungue..."

Akafungua. Baba.

Mie ambaye hata kuagiza chipsi naonaga aibu, ikabidi nisimame nieleze: grafu zote nilizipa jina moja la faili, kwa hiyo kila mpya ilifuta ya zamani, na ya chooni ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nikaipa kila moja jina lake, nikaendesha programu zote upya. Mauzo yakatokea, Kimara juu kabisa.

"Jumatatu uje kazini," akasema. "Na baba mwambie simu aiache sebuleni."

Nimepata kazi!

Sasa nisaidieni. Baba ananiuliza niliwaonyesha nini mpaka wakanichukua. Nimjibu nini?