Jogoo Ambaye Mzee Gachanja Hakumchinja

Ukitaka kumjua mwongo, agiza kitanda kwa fundi wa mbao wa Gikomba. Gachanja, mzee wa kanisa pale Makadara, alikuwa fundi kamili: akikuambia njoo Ijumaa, hakusema ya mwaka gani. Maharusi kadhaa wa mtaa wetu walianza ndoa sakafuni kwa sababu yake, na Jumapili alisimama mbele yao akasoma, bila kupepesa jicho, "Ndiyo yenu iwe ndiyo."

Mtu huyo alishika ahadi moja tu maishani, tena kwa ajili ya kuku.

Agosti ya 1982, baada ya lile jaribio la kupindua serikali, wanajeshi walikuja kumchukua jirani yake, Nalianya, mpishi katika kambi ya wanahewa walioasi. Nalianya aliomba jambo moja tu: amkabidhi mzee jogoo wake mwekundu, aliyekuwa akimnenepesha kwa ubatizo wa mwanawe.

"Mzee, usimchinje mpaka nirudi. Tutamla pamoja."

"Ndiyo, mbele za Mungu," akajibu Gachanja. Kwa jinsi zile bunduki zilivyomtazama, hata angekabidhiwa tembo angesema ndiyo.

Nalianya hakurudi. Hakuna aliyejua yuko gereza gani, wala kama yuko. Mkewe, Asenath, alizunguka akiuliza mpaka viatu vikaisha. Kila dirisha la ofisi lilimtuma dirisha jingine. Mwishowe akaacha kuuliza serikali, akawa anauliza kwa Gachanja kila jioni.

"Bado yupo?"

"Yupo, mama."

Anamtazama jogoo, anakwenda zake kulala. Hapo ndipo mzee alipokwama. Kitanda utakiahirisha, macho ya yule mama utayaahirishaje?

Ukaja mwaka wa themanini na nne, mvua ikagoma, tukala ugali wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Jogoo naye akala, akalala chini ya kitanda cha mzee wa kanisa, akawika katikati ya sala ya familia. Teresiah, mke wa mzee, alimwangalia kama Ibrahimu alivyomwangalia yule kondoo wa kichakani.

"Baba Lydiah, watoto wanakula ugali kwa chumvi, na nyama inatembea humu ndani!"

"Niliapa."

"Na kitanda cha yule bwana harusi, Chege, uliapa mara ngapi?"

Mzee akainama, akammegea jogoo ugali.

Krismasi ikikaribia, kideri kikaingia mtaani. Kuku wa Makadara wakafa kama watu wa Sodoma. Jogoo wa Nalianya akaanza kusinzia, mabawa yakalegea, shingo ikapinda. Mzee alimnywesha maji ya shubiri, kisha ya pilipili, kisha akamwekea mikono na kumwombea. Ndiyo, kuku! Wala Mungu hakucheka, wala hakujibu.

Sasa, sheria ya kuku mgonjwa kila mtu anaijua: mchinje kabla hajajifia, asije akawa mzoga. Kiilu, wa mlango wa pili, alikuja na kisu kimenolewa. Teresiah alikuwa tayari ameteleka maji.

"Harakisha, mzee!" Kiilu akahimiza. "Hata Mungu anaona hii ni dharura."

"Nalianya hajarudi."

"Na akirudi, utampa mzoga?"

Gachanja alikuwa amekaa sakafuni, jogoo magotini, amemfunika koti lake la kanisani. Kumponya hakuweza. Kumchinja hakuweza. Alimshika tu. Ndege akatetemeka, akanyoosha miguu, akatulia. Kiilu akasonya, akaondoka na kisu chake. Yale maji Teresiah akafulia nguo.

Asenath alipofika jioni, mzee hakuinuka. Machozi yalikuwa yakimchuruzika mpaka kidevuni.

"Nisamehe, mama. Amekufa."

Asenath akachutama. Akaipapasa ile shingo polepole, chini ya manyoya, akitafuta jeraha la kisu.

"Hukumchinja?"

"Sikumchinja."

"Basi ahadi yenu bado iko," akasema, akajifunga leso vizuri, akatoka.

Jioni ya pili yake akabisha hodi kama kawaida. Mzee, ambaye sasa hakuwa na kitu cha kumwonyesha, akamfungulia mlango.