Niliirefusha KARIBU Ili Nilipe Deni la Masomo

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu, nalibeba mwenyewe, wala simsingizii shetani hata kidogo. Kijiji kizima kimekosa mashine ya kusaga kwa sababu ya mkono wangu huu wa kulia! Jina langu nimemwomba mhariri alifiche, maana kinamama wa huku wana michi.

Mimi ni msomi. Msicheke! Nilisoma Dar es Salaam, mchana nabeba mizigo, usiku najifunza sanaa ya matangazo: herufi, rangi, michoro. Nilihitimu vizuri mno. Mwalimu alisema herufi zangu hata kipofu angezisoma. Haya, hakusema hivyo hasa, lakini alikuwa karibu kusema.

Karo alinilipia mjomba wa mchumba wangu, Somoe, kwa korosho za msimu mzima. Hesabu nilishaifanya kichwani: kila duka litataka bango, kila bango lina herufi, kila herufi ina senti zake. Ningelimaliza deni kwa mwezi, ninunue baiskeli, kisha lori!

Mjomba yeye alikuwa na hesabu fupi. "Sikiliza, mkwe. Siku deni likiisha, siku hiyo hiyo naita shehe. Kabla ya hapo, Somoe utamwona kwa mbali, kama mwezi."

Nikarudi kwetu, nyuma ya Mingoyo, na makopo yangu ya rangi. Lo! Nakuta watu wamehamia kijiji cha ujamaa. Maduka yote yamekuwa moja, la ushirika, nalo bango la nini? Nani atalipotea, na jingine halipo? Miezi ikapita. Kazi niliyopata ni kuandika jina la mtu kwenye mpini wa jembe lake. Jina lenyewe Ali!

Ndipo tukasikia kwamba mkubwa kutoka Lindi atapita kuchagua kijiji cha kupewa mashine ya kusaga. Mwenyekiti wetu akaniita.

"Msomi, tuwekee bango pale njia panda. Andika KARIBU, halafu jina la kijiji. Basi."

Malipo tukapatana kwa herufi. Na kijiji chetu kina jina fupi kama mkia wa mbuzi! Roho ikaniuma.

"Mwenyekiti," nikasema, "KARIBU ni ya mtu mmoja. Mkubwa atakuja peke yake?"

"Aa, atakuja na dereva na karani."

"Basi ni KARIBUNI. Lakini nani anawakaribisha? Haisemi."

"Si sisi?"

"Basi ni TUNAWAKARIBISHENI."

Akalitamka polepole, mdomo ukamjaa. "Ehee! Hilo lina uzito. Hilo la kisomi."

"Sasa tuwakaribishe kikavu hivyo?"

Mpaka tunaagana, bango limekuwa: TUNAWAKARIBISHENI KWA UCHANGAMFU USIOKADIRIKA NYINYI NYOTE MNAOTUTEMBELEA KIJIJINI, kisha jina. Nilirudi nyumbani nikicheza ngoma peke yangu. Deni kwisha! Somoe huyo anakuja!

Siku ya kuandika, ubao ukaisha kabla ya maneno. Nifute neno? Nifute pesa yangu mwenyewe? Thubutu! Jina la kijiji nikalibana chini pembeni, dogo kama mbegu ya mchicha.

Siku ya mgeni ikafika. Mjomba akachinja mbuzi wake, kinamama wakapika wali, tukajipanga huku ndani kijijini. Tukasikia gari likisimama njia panda. Vigelegele! Kisha tukalisikia likiondoka. Likaenda moja kwa moja!

Baadaye dereva alinisimulia, anacheka mpaka machozi. Alikuwa akimsomea mkubwa lile bango, akafika USIOKADIRIKA akapumzika. Mkubwa akauliza, "Kwani hapa ni wapi?" Akajibu, "Huko sijafika, mzee." "Basi twende, jua linazama!"

Wakaenda kijiji cha jirani, ambako bibi mmoja alikuwa akipunga kanga kufukuza kuku. Mkubwa akasema, "Hawa ndio wanaojua kukaribisha watu." Mashine wakapewa wao!

Kwetu nikaitwa barazani nilisome bango mbele ya watu. Nilipofika kwenye jina, kinamama walikuwa wameshachoka kusimama, wamekaa. Malipo yangu yakafutwa. Mjomba akaongeza mbuzi wake juu ya deni.

Lakini aliyenimaliza ni Somoe. "Mjomba alishaniambia, mashine ikija anakusamehe deni lote kwa furaha. KARIBU moja tu, mwenzangu! Moja tu!"

Nilitamani ardhi inimeze na makopo yangu.

Sasa nabeba mahindi ya kinamama kichwani mpaka kwa jirani, yasagwe, na deni linapunguzwa kidogo kidogo. Majuzi mwenyekiti wa kule akaniomba bango la mashine yao. Moyo ukaruka! Akasema, "Andika HAPA."

Vijana mnaotaka kukopa msome, nawaomba sana: msihesabu herufi mnazojua kuandika. Hesabuni huko kwenu kuna mangapi ya kuandikwa, na nani atayalipia. Na kipato kikiwa kidogo kuliko deni, mwendeeni mdai mapema mkaseme naye. Msiirefushe kazi ya watu kama nilivyofanya mimi.

Somoe amesema atanisubiri mpaka mavuno ya korosho. Hakusema ya mwaka gani, nami naogopa kuuliza.